Nywele Nilizokabidhiwa

Bungoma,
6 Januari 2001

Mama Mukhisa, dada yangu,

Mulembe. Sunny ndiye anakupa barua hii kwa mkono wake, kwa hivyo unapoisoma amesimama mbele yako akijifanya hana wasiwasi. Usimwamini. Tangu jana hajamaliza hata chapati moja.

Ningekupigia simu, lakini simu iko kwenye kaunta na unajua duka la misumari na mabati, kila mteja ana masikio. Mume wangu Tarsem bado yuko hospitali Nairobi. Upande wa kulia wote umekufa ganzi, mkono na mguu, na maneno hayatoki. Kaka yangu Kailash analala naye huko. Mimi nashinda dukani, na mtoto wa miaka kumi hawezi kukaa hapa akiangalia mama yake analia mbele ya wateja. Nilipokumbuka kwamba wewe ndiye matroni wa bweni shuleni kwa Mukhisa, nililala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Sasa nywele. Unajua kwetu hazikatwi, tangu mtu azaliwe mpaka afe. Ni za Mungu, sisi tunazitunza tu. Za Sunny zimefika kiunoni. Mchana hazina taabu, ziko ndani ya kilemba. Taabu ni kulala. Jioni mfungue, umchane kwa kitana cha mbao ukianzia chini kwenda juu, ukianzia juu utazikata na atalia. Mafuta ya nazi kidogo, kwenye ncha tu. Msuke msuko mmoja uliolegea, uuzungushe utosini, kisha umfunge kile kitambaa chepesi cha pamba. Usikaze, ataumwa kichwa. Akilala hivi hivi zinasuguana na mto zinakatika, na asubuhi ni mafundo matupu. Zikiwa mbichi usizifunge hata kidogo.

Nje ya ukoo wetu ni wewe peke yako uliyewahi kuona nywele zake zimefunguliwa, ulipokuwa unakaa kile chumba cha nyuma ya duka na watoto wetu wakioga karai moja. Ndiyo maana sioni haya kukuomba.

Hajawahi kulala nje ya nyumba hii. Akikuuliza kama nililia, sema hapana.

Rina

*

Matisi, Kitale,
21 Januari 2001

Mama Sunny,

Mtoto ni mzima, anakula, na jana alimshinda mwalimu Dinah kwenye hesabu za kichwa darasa zima likipiga makofi.

Wiki ya kwanza nilikosea. Nilimwosha Jumamosi hapa kwangu Matisi, jua likaingia mawinguni, nikamfunga zikiwa mbichi. Jumatatu zikaanza kunuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Yeye mwenyewe ndiye aliniambia, polepole, kama mtu anayemwonyesha mkubwa njia: "Matroni, Mama husubiri mpaka zikauke." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa tunasubiri. Anakaa kwenye ngazi mgongo kwenye jua, nywele zimemfunika kama shuka, anasoma kitabu.

Siku za shule, kila jioni baada ya maombi anakuja chumbani kwangu pale shuleni. Chumba changu na bweni vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu, mtoto akikohoa namsikia. Siku nikiwa na kazi nyingi, Mukhisa ndiye anamsuka. Usicheke. Amejifunza vizuri kuliko mimi. Nimehamisha kitanda chake kiko juu ya cha Sunny, na nimemwambia, "Huyu ni mdogo wako. Chochote kikimpata nitakuuliza wewe." Tangu atahiriwe Agosti anajiona mwanaume kamili, na yuko darasa la nane, kwa hivyo wadogo wanamwogopa.

Rina, baba yake Mukhisa alipofariki ulifunga duka siku tatu ukaja kukaa nasi chini kwenye mkeka kule Malakisi. Sijasahau. Nywele za mtoto wako ziko salama kuliko pesa za benki.

Msalimie Tarsem.

Sellah

*

Kitale,
11 Februari 2001

Mama mpendwa,

Mimi ni mzima. Baba ameongea? Ukienda Nairobi mwambie nimekuwa namba mbili.

Chakula ni sawa. Githeri iko na mawe lakini nimezoea. Mukhisa hunisuka siku zingine, na huwa ananiambia hadithi za mtoni walipopakwa matope kabla ya kutahiriwa. Lakini sasa ananisuka haraka haraka akiangalia mlango, kwa sababu wenzake wanamwita yaya. Mimi wananiita Dada. Jerop wa darasa letu aliniuliza kama nitaolewa. Walimu hawajui.

Mama, mtu akilala na kofia ya baridi juu ya kile kitambaa, ili kisionekane, ni vibaya? Na mtu akitamani kuwa kama wengine, siku moja tu, ni dhambi?

Usimwambie Matroni. Atapiga watu na itakuwa mbaya zaidi.

Mtoto wako,
Sunny

*

Bungoma,
15 Februari 2001

Dada Sellah,

Mtoto ameandika kwamba wanamwita Dada. Aliniomba nisikwambie, kwa hivyo nakwambia ukijua hujaambiwa. Usipige mtu. Keti tu karibu naye kidogo jioni.

Mimi nilimjibu kwamba kofia si vibaya. Lile swali lake lingine sikulijibu, nitalijibu uso kwa uso. Nakuja Jumamosi tarehe 24, likizo fupi, nimchukue siku mbili nimpeleke Nairobi. Tarsem ameanza kutoa maneno. La kwanza lilikuwa "maji." La pili lilikuwa jina la Sunny. Daktari anasema akimwona mtoto huenda akapata nguvu.

Rina

*

Kitale,
23 Februari 2001

Mama Sunny,

Nampa mwalimu Dinah barua hii, anakuja Bungoma leo mchana, ili ikufikie kabla hujafunga safari.

Usije kesho. Sunny ameshikwa na tetekuwanga. Si mbaya, lakini inaambukiza, na kumpeleka mbele ya mgonjwa haifai. Nimemtenga, analala kwangu. Homa imeshuka. Anakusalimia.

Nywele ziko sawa.

Sellah

*

Bungoma,
26 Februari 2001

Dada yangu,

Nililia kidogo, kisha nikashukuru. Mama mwingine angeficha ugonjwa asisumbuliwe. Wewe ulinitumia mtu mbio mbio.

Nimetuma mwarobaini wa kumwogesha na pakiti mbili za biskuti, moja ni ya Mukhisa. Mwambie namshukuru kwa kumsuka mdogo wake. Si kila kijana wa umri wake angekubali.

Nilikwenda Nairobi peke yangu. Tarsem aliniuliza kwa mkono, akizungusha kidole utosini, yaani nywele za mtoto anazifunga nani? Nikamwambia, Sellah. Akatabasamu na ule upande wa uso unaosogea.

Pole kwa kazi ninayokupa.

Rina

*

Kitale,
10 Machi 2001

Rina,

Biskuti nimezifungia kabatini. Siwezi kumpa mtu. Nakuandikia kwa sababu tarehe 23 nilikuwa nime

[Barua hii haikutumwa.]

*

Kitale,
29 Machi 2001

Mama Sunny,

Shule inafungwa tarehe sita na utamwona mtoto. Nataka ujue kabla hujamwona, na ujue kutoka kwangu. Ukiwa umesimama, tafadhali keti.

Sunny hakuwa na tetekuwanga. Nywele zake zilikatwa. Ni usiku wa kuamkia tarehe 23, akiwa kitandani bwenini. Zilikatwa juu kabisa, karibu na utosi, kwa makasi yangu ya kushonea. Aliyezikata ni Mukhisa.

Nimeandika sentensi hiyo mara tano kwenye karatasi nyingine ili mkono uizoee.

Asubuhi kengele ya kwanza Mukhisa alikuja mwenyewe chumbani kwangu ameshika msuko mkononi. Nikamuuliza ni nini hicho, ilhali nilikuwa nakiona. Akasema, "Walisema mimi ni yaya wa Kalasinga. Walisema nimetahiriwa bure." Nikamuuliza, "Nao walikushikia mkono?" Akasema hapana. Walimpa changamoto tu, wakajifunika blanketi. Mkono ulikuwa wake.

Hilo ni kosa la Mukhisa. Sasa langu.

Kwenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Rotich, ni kutembea dakika mbili tu. Sikwenda na ukweli. Niliwaza mtihani wa darasa la nane, niliwaza mtoto asiye na baba, niliwaza kazi yangu, maana matroni mzima mwanawe anafanya hivyo nyuma ya ukuta wake. Nikamwambia Bwana Rotich kwamba mtoto alikuwa na mapunye na wewe ulikubali anyolewe. Nilisema wewe ulikubali. Nilitumia jina lako.

Kisha nikarudi kwa Sunny. Alikuwa amekaa kwenye kitanda changu amejifunika taulo kichwani, na hakuwa analia. Nikapiga magoti mbele yake na, Mungu anisamehe, sikumwomba msamaha kwanza. Nilimwomba anyamaze. Nilimwambia, "Ukisema, Mukhisa atafukuzwa, na baba yako mgonjwa akisikia huenda akazidiwa." Yeye ndiye ameumizwa, na mimi nikamtwika mzigo wa kulinda aliyemuumiza. Akasema, "Sawa, Matroni." Amenyamaza wiki tano. Anafunga kilemba chake kila asubuhi juu ya kichwa kisicho na kitu, vizuri kabisa, hakuna anayejua ila bweni.

Barua yako ya kunishukuru niliisoma chooni.

Nywele zenyewe nimeziweka ndani ya kitambaa safi cheupe. Sikuthubutu kuzitupa, sijui desturi yenu inasemaje.

Sikuombi kitu. Nimekwambia tu.

Sellah

*

Bungoma,
3 Aprili 2001

Sellah,

Nitakuja Ijumaa saa nne. Mtoto awe langoni na sanduku lake. Kitambaa hicho apewe mlinzi anikabidhi.

Wewe usiwepo.

Rina Kaur

*

Bungoma,
22 Aprili 2001

Matroni,

Ni mimi Sunny. Mama hajui nakuandikia, Mjomba Kailash ndiye amenipa stempu.

Baba amerudi. Anatembea na fimbo ya miguu mitatu, na anaongea lakini polepole, lazima umsubiri. Siku ya kwanza nilikaa na kilemba hata usiku. Siku ya pili pia. Mama alikuwa amemwambia Baba kila kitu lakini mimi sikujua ameambiwa. Siku ya tatu Baba akaniita kitandani kwake, akapiga godoro na ule mkono mzima, nikakaa. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Akaweka mkono kichwani mwangu akauacha hapo muda mrefu. Nilikuwa nasikia anapumua.

Ndipo nikamwambia. Na sasa nakwambia wewe, kwa sababu Mama anasema kila siku Mukhisa alinifanyia nikiwa nimelala, na nikisikia hivyo natoka chumbani.

Matroni, mimi sikuwa nimelala.

Nilimsikia Mukhisa akishuka kutoka kitanda cha juu. Nilihisi akifungua kile kitambaa. Alisema "Sunny" kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Ningeitika angeacha, najua angeacha. Ningepiga kelele ungesikia. Nilifumba macho nikashika shuka. Niliwaza kwamba kesho nitakuwa kama wengine na haitakuwa makosa yangu.

Kesho yake sikuwa kama wengine. Nilikuwa tu mimi bila nywele.

Baba aliposikia alilia na jicho moja. Sijui kama alinikasirikia. Nilimuuliza, akasema, "La." Lakini Baba siku hizi husema "la" hata akitaka kusema "ndiyo," maneno yanamchanganya.

Usimchape Mukhisa tena.

Sunny

*

Kitale,
28 Aprili 2001

Sunny mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nimekaa, nimetembea nayo mpaka kisimani.

Sikiliza. Ulikuwa na miaka kumi, kwenye giza, mbali na mama yako, umeitwa majina wiki sita. Mtoto akitamani yaishe, hajatenda jambo. Mukhisa alishika makasi. Mimi niliwasikia wakikuita majina hata kabla mama yako hajaniandikia, nikasema ni utoto, wataacha. Na baadaye nikakufunga mdomo. Hayo ni mambo yaliyotendwa, na waliotenda wana majina. Lako halimo.

Aibu yetu usiibebe. Ilikuwa kubwa kwa mabega yangu, ndiyo maana nikaitupa kwako. Nirudishie.

Lakini mwambie mama yako. Mimi sitamwambia, ni neno lako. Ila usimfiche. Nimefanya kazi hiyo ya kuficha na mshahara wake naujua.

Matroni wako,
Sellah

*

Matisi, Kitale,
6 Mei 2001

Mama Sunny,

Sijui kama utafungua bahasha hii. Ukiifungua, si ya kuomba msamaha, ni ya kukupa habari.

Siku mbili kabla shule kufunguliwa nilikwenda kwa Bwana Rotich nikamwambia yote, Mukhisa akiwa amesimama kando yangu. Nilisema hujawahi kukubali mtoto anyolewe, kwamba nilikusingizia. Akaandika kwenye rekodi ya shule jinsi ilivyokuwa, nikaisoma nikatia sahihi. Wavulana wanne waliomchochea wameitiwa wazazi. Mukhisa ameondolewa. Mimi nimeambiwa niache kazi mwisho wa mwezi, na sikubisha.

Mukhisa nimempeleka Bumula kwa mama yangu, atafanyia mtihani shule ya kutwa pale. Mama alipomuuliza amefanya nini, nilitaka kumjibia. Akasema, "Wacha niseme mwenyewe, Mama." Akasema mbele ya wajomba wote. Hakuna aliyemtazama usoni baada ya hapo, hata chai alipewa mtu akiangalia pembeni. Mjomba mkubwa akamwambia tu, "Kisu cha Agosti kilikuwa cha kukufanya ujue kuvumilia maneno."

Anataka kuja kwenu. Nimemkataza. Nimemwambia mlango huo hatujafunguliwa.

Sellah

*

Bungoma,
3 Juni 2001

Sellah,

Mwanao hakukusikia. Alikuja.

Jumamosi tarehe 12 Mei nikifungua duka nilimkuta amesimama upande wa pili wa barabara na baiskeli ya kukopa, jasho limemkaukia usoni. Kutoka Bumula, na bado hakujapambazuka vizuri. Sikumwita. Nilihudumia watu nikijua yuko pale. Mvua ikanyesha, akabaki. Wateja wakaanza kuuliza, "Mama, huyo kijana ni wa nani?" Nikasema simjui. Saa kumi na moja nilifunga, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Safari hii Tarsem alimwona kutoka dirisha la juu. Akauliza, "Nani?" Nikamwambia. Nilidhani damu itampanda, nikakimbilia dawa. Akasema, "Lete."

Nilimleta, na nakuambia ukweli, mikono yangu ilitaka kumpiga makofi ngazi nzima. Alisimama mlangoni akavua viatu bila kuambiwa. Akaanza kusema maneno aliyokariri, "Baba Sunny, mimi nimekuja..." kisha yakampotea. Akalia kama mtoto mdogo, makamasi na yote. Sunny alikuwa kwenye kona na kitabu, hakuinua macho, lakini hakufunua ukurasa mwingine.

Unajua Tarsem hawezi tena kujifunga nywele zake. Mkono mmoja hautoshi. Miezi hii yote nimekuwa nikimfunga mimi, na anaona aibu. Mwanaume wetu anajifunga mwenyewe tangu utoto. Hata mbele yangu hufumba macho nikimchana. Asubuhi ile nilikuwa sijamfunga, alikuwa na shuka kichwani. Akaitoa. Nywele zake zote, nyeupe na nyeusi, zikashuka mpaka mapajani mbele ya mtoto aliyekata za mwanawe. Nilitaka kumfunika. Akanyoosha kitana kwa Mukhisa akasema neno moja, "Chana."

Mukhisa alirudi nyuma. Akasema, "Siwezi. Mimi siwezi kushika."

Tarsem akasema tena, "Chana."

Akaanzia chini. Alikuwa anakumbuka. Alichukua karibu saa nzima, na kila alipofika kwenye fundo alisimama akalifungua kwa vidole. Alipofika kwenye kusuka akakosea upande, na hapo ndipo Sunny aliinuka. Hakumwangalia usoni. Alisema tu, "Si hivyo. Za Baba zinapinda kushoto," akamwonyesha.

Tangu siku hiyo anakuja kila Jumamosi. Hawaongei sana. Jana nilisikia kicheko kimoja, sijui cha nani.

Usiku wa jana Sunny aliniambia lile neno lake, la kwamba hakuwa amelala. Aliniambia pia kwamba wewe ulilijua tangu Aprili na hukulisema, na kwamba ulimwambia aniambie mimi. Nilikaa naye mpaka akalala kweli. Kisha nikakumbuka ile barua yake ya Februari, aliponiuliza kama kutamani kuwa kama wengine ni dhambi, nami nikamjibu habari ya kofia. Niliona ni swali la kusubiri. Kwa hivyo mimi pia nina langu.

Sunny hatarudi Kitale. Anasoma hapa. Nywele zimefika masikioni, zinasimama kama nyasi, na anazikasirikia kila asubuhi.

Hujaniomba msamaha, na nimeona kwamba hujaomba. Nakujibu hata hivyo: bado. Nikiamka nina hasira nawe, mchana nasahau, jioni nakumbuka tena ulilomfanya mtoto wangu alibebe wiki tano. Sijui itaisha lini. Kailash anasema nikukate kabisa. Tarsem ananiangalia tu.

Nasikia umeanza kushona nguo za shule pale Matisi na kwamba kazi ni ngumu. Mwezi ujao Mukhisa ana mtihani wa majaribio na hatakuja Jumamosi moja. Njoo wewe. Usiniletee kuku, usiniletee pole, pole nimezichoka. Panda ngazi ya nyuma, uketi jikoni, nitaweka chai. Labda hatutasema lolote, labda nitakufokea mpaka majirani wasikie. Njoo tu nione kama naweza kukaa chumba kimoja na wewe.

Rina